Unavaa Miwani na Juani Huoni Kitu Kwenye Kamera? Soma Kabla ya Kununua Nyingine

Wapiga picha wa harusi na wa ufukweni ndio wanaotuletea lalamiko hili zaidi. Ukumbini kamera haina neno, ila ikitolewa nje saa saba mchana, mwenye miwani haoni kitu kwenye kidirisha cha kuchungulia. Wengine wanafika dukani wameshaamua kwamba kamera imechoka, wanauliza bei ya nyingine. Mara nyingi kamera ni nzima kabisa. Kinachosumbua ni ile nafasi kati ya jicho na kamera.

Kidirisha cha kamera yoyote kinataka jicho likae umbali fulani nyuma yake ndipo uione picha yote mpaka pembeni. Umbali huo huandikwa kwa milimita kwenye sifa za kamera, na wanunuzi wengi huupita bila kuutazama. Nikon D850 imeandikwa 17, D750 ni 21, Sony A7 III ni 23. Hiyo ya Sony nayo isikudanganye: 23 inapimwa kuanzia kwenye kioo cha kidirisha, na ukipimia kwenye fremu inayokizunguka zinabaki 18.5. Sasa lenzi ya miwani yenyewe hukaa kama milimita 12 hadi 14 mbele ya jicho. Weka unene wa lenzi, weka na raba inayozunguka kidirisha cha kamera, hesabu imekwisha. Katikati unaona vizuri, pembe na zile namba za chini huzioni. Nikon waliwafikiria watu wa miwani tangu 1982 walipotoa F3HP yenye milimita 25, na mpaka leo zipo kamera ghali zisizofika hapo. Anayevaa miwani akituuliza anunue ipi, tunamwambia aanzie 20 kwenda juu, hata kama sifa nyingine zinamvutia kwingine.

Kama kamera unayo tayari, pitia menyu. Baadhi ya Canon, Nikon na Sony za karibuni zisizo na kioo cha kupanda na kushuka ndani zinakuruhusu kuipunguza picha ya kwenye kidirisha, ikae katikati na uione yote.

Jua linaingilia papo hapo miwani inapokisukuma kichwa nyuma. Raba iliyotengenezwa ikumbatie jicho inagusa fremu ya miwani, pembeni panabaki uwazi. Jua likiwa mgongoni kwako, mwanga unapenya hapo, unagonga upande wa ndani wa lenzi ya miwani na kukurudia jichoni. Unachokiona ni ukungu mweupe juu ya picha, na wakati mwingine kope zako mwenyewe. Dawa ya kwanza haina gharama: kiganja cha kushoto kikunje juu ya nyusi, au vaa kofia yenye ukingo na uivute chini. Ya pili ni raba kubwa yenye sikio refu upande mmoja, ambayo unaweza kuigeuza ukitumia jicho la kushoto. Ya tatu ni ya siku unapotengeneza miwani mpya: mwambie mtaalamu aweke koti ya kuzuia mng'aro pande zote mbili za lenzi. Tukiona raba imechakaa mpaka plastiki ngumu inachungulia, tunaibadilisha kabla ya kitu kingine, kwa sababu hiyo plastiki ndiyo inayochora miwani ya watu.

Kwenye DSLR, yaani kamera zenye kioo cha kupanda na kushuka ndani, mwanga huo una madhara ya pili. Kipima mwanga cha kamera kipo juu, karibu na kidirisha, hivyo jua linaloingilia nyuma hukifanya kidhani mandhari inang'aa kuliko ilivyo, na picha inatoka na giza. Ndiyo kazi ya kale kakifuniko ka raba kwenye mkanda wa Canon ambako wengi hawakajui. Ukiweka kamera kwenye tripodi na kuondoa jicho, kifunike kidirisha.

Kuna pia wanaoona picha yote ila imefifia. Hawa tunaanza nao kwenye kigurudumu kidogo kando ya kidirisha, cha kurekebisha dayopta, yaani kukilinganisha kidirisha na namba ya jicho lako. Kinazunguka chenyewe ndani ya begi, mtu anakuja akisema lenzi imeharibika, tukifungua picha kwenye kompyuta ni kali kama wembe. Namna ya kukiweka: vaa miwani unayofanyia kazi, elekeza kamera kwenye ukuta mweupe, kisha zungusha ukitazama maandishi na alama za ndani ya kidirisha, usitazame ukuta. Mwenye miwani ya progresivu, ile yenye namba ya mbali na ya karibu kwenye lenzi moja, achungulie kwa sehemu ileile ya lenzi kila mara, maana akiinamisha kichwa kidogo tu ukali unahama.

Je, uvue miwani na kutegemea kigurudumu? Inawezekana kwa asiyeona mbali ambaye namba yake haijapita kiwango cha kamera. Nyingi za Sony, kwa mfano, zinatoka -4 hadi +3. Lakini haitibu astigmatizimu, ule ukungu wa jicho lisilo duara sawasawa, na mpiga picha wa sherehe akishavua miwani hamwoni bibi harusi akija upande wa pili. Sisi hatuipendekezi.

Kidirisha cha kielektroniki, chenye kiskrini kidogo ndani, kina mtego wake. Juani mboni inabana, na kile kiskrini kidogo kinaonekana kina giza. Mtu anaongeza mwanga wa picha ili aone vizuri, akifika nyumbani kanzu zote zimeungua kwa mwanga, hakuna hata mkunjo wa kitambaa. Kinachotakiwa kuongezwa ni mwangaza wa kidirisha kwenye menyu, ambao haugusi picha. Mwanga wa picha uamue kwa histogramu, ile grafu ya mwanga inayoonyeshwa na kamera, si kwa macho. Miwani inayojitia giza juani inaongeza tatizo hilohilo. Miwani ya jua ya polaraizi, inayochuja mwanga wa upande mmoja, ni balaa zaidi: skrini inaweza kuonekana vizuri kamera ikiwa imelala, ukiisimamisha ikawa nyeusi tii. Haijafa. Igeuze tu, au badilisha miwani.

La mwisho linahusu wote, wenye miwani na wasio nayo. Kamera yenye lenzi nzito ikining'inia shingoni, lenzi hutazama chini na kidirisha hutazama juu. Kwetu Dar es Salaam jua la adhuhuri hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena karibu na wiki ya pili ya Oktoba, na kati ya Oktoba na Machi haliko mbali na hapo. Kioo cha kidirisha kinakusanya miale hiyo juu ya kiskrini cha ndani na kukiunguza. Ukichungulia unakuta doa la njano au la zambarau lisilofutika kwa kitambaa chochote. Picha zinatoka safi kama kawaida, ila doa ni la kudumu mpaka kiskrini kibadilishwe. Ining'inize ubavuni, chini ya mkono, au ifunike lenzi kwa kofia yake na uiingize kamera begini kati ya picha na picha.

Ukija kupimiwa, njoo mchana na uvae miwani ileile unayofanyia kazi. Tunatoka nje ya duka na kujaribu juani, kwa sababu chini ya taa ya dukani kila kidirisha kinaonekana kizuri. Kurekebisha dayopta na menyu hatutozi. Raba unalipia raba. Kiskrini kikiwa kimeungua tunakutafutia kwanza bei ya kipuri, na kwa kamera ya zamani tutakuambia wazi kama inafaa kutengenezwa au uendelee nayo na doa lake.