Dada, cheti kiliandika moyo

Dada yangu, shikamoo.

Simu zangu hupokei tangu tulipoachana pale kwenye msiba wa mama, na ujumbe hujibu. Basi nakuandikia hapa, mbele za watu, maana najua huwa unapita kusoma hata kama husemi. Ninyi wengine mniwie radhi, barua ni ya mtu mmoja.

Siku ile hukunipa pole. Nilifika begi likiwa bado begani, ukanikuta mlangoni na cheti cha kifo mkononi, maana nilishasema ni joto lililomuua mama. "Haya, msomi. Tusomee. Joto liko wapi hapo?" Hata shangazi aliyekuwa akilia alinyamaza. Nikasoma. Sababu ya kifo: mshtuko wa moyo. Na mimi, Mungu anisamehe, nikajibu. Mama hajazikwa, nimesimama kizingitini nawaeleza waombolezaji kwamba joto huwa haliandikwi kwenye vyeti, kwamba mwili ukizidiwa moyo husukuma damu nyingi kwenye ngozi ili upoe, na moyo uliochoka hushindwa. Ukanigeuzia mgongo. Nimeshindwa kukusamehe neno "msomi" ulivyolitamka, na nimeshindwa kujisamehe yale niliyoyasema.

Lakini dada, nilichosema ni kweli.

Unakumbuka barua yangu ya kukubaliwa ilipokuja? Uliisoma kwa sauti: shahada ya uzamili, tabianchi na jamii. Ukauliza, "Sasa mvua na watu wapi na wapi?" Na bado ni wewe uliyekuwa umekesha nami nikijaza zile fomu, ukinifutia sentensi ndefu hadi saa nane za usiku. Swali lako hilo ndilo tulilosoma mwaka mzima. Darasani kwetu kulikuwa na muuguzi, mhandisi, mwanasheria na mtu wa mambo ya bima. Asubuhi fizikia ya angahewa na takwimu zilizonitoa machozi, mchana tunauliza nani huumia na kwa nini yeye.

Mwaka 1986 wanasayansi Mark Cane na Stephen Zebiak walitabiri El Niño kwa modeli ya kompyuta kabla haijatokea. Nilidhani kazi imeishia hapo, ukishatabiri umemaliza. Kumbe ndipo inapoanza. Kimbunga cha mwaka 1970 kwenye pwani ambayo leo ni Bangladesh kilionekana kwenye picha za setilaiti, na bado kiliua watu wasiopungua 300,000, kwa sababu onyo halikuwa wazi, na wengi waliolisikia hawakuwa na pa kukimbilia. Mwaka 2007 Kimbunga Sidr kiliipiga nchi hiyo hiyo kwa nguvu kubwa, na waliokufa walihesabiwa kwa maelfu machache. Bahari ni ile ile. Kilichobadilika ni majengo ya kukimbilia, na watu wa kujitolea waliopita nyumba hadi nyumba na vipaza sauti. Mtu kumgongea mtu mlango. Hiyo ndiyo shahada yangu, dada, kama bado unauliza.

Kisha darasani tukafika Chicago, Marekani, Julai 1995. Siku chache za joto, zaidi ya watu 700 wakafa. Idadi hiyo haikutoka kwenye vyeti. Ilipatikana kwa kuhesabu waliokufa siku zile na kutoa idadi ya kawaida ya majira kama hayo. Wengi walikuwa wazee waliokuwa wakiishi peke yao, wengine madirisha wameyafunga kwa kuogopa wezi. Niliposoma hapo nilimwona mama na komeo zake tatu. Ndipo nikachagua mada ya tasnifu: wazee wapweke na joto la usiku, kwa sababu usiku usipopoa mwili haupati pumziko. Nilichagua kabla, dada. Miezi mitano kabla. Anayekuambia nimepata shahada kwa kifo cha mama ni mwongo, na jina la mama hulikuti popote ndani ya tasnifu.

Wewe ulikuwa karibu, na ufunguo ulikuwa kwako. Mara ya mwisho ulipita Jumapili, na mlango ukafunguliwa Ijumaa. Nimeiandika na kuifuta sentensi hiyo mara tatu. Safari hii naiacha. Najua mtoto wako alikuwa anaumwa. Najua pia kwamba miaka yote niliyokuwa mbali ni wewe uliyemkata mama kucha, ukampeleka kliniki, ukavumilia hasira zake za jioni. Hilo sikukushukuru hata mara moja, na ninakushukuru leo.

Joto litarudi. Yule mzee wa nyumba ya pili, mpitie asubuhi na jioni, usiridhike akikujibu "sijambo" kupitia mlango uliofungwa. Ingia, umguse ngozi. Akianza kuchanganya maneno, usingoje, mwite daktari. Ajimwagie maji mikononi na shingoni, afungue madirisha hewa ya nje ikishapoa, asitegemee feni peke yake. Haya yote nilimwandikia mama. Yote, Jumanne ile, kwa herufi kubwa ili asihangaike na miwani. Niliandika kwa sababu kesho yake nilikuwa na mtihani wa takwimu na nilijua nikipiga tutazungumza saa nzima. Nilitimiza wajibu wangu, nilimwonya kabla ya mtu yeyote.

Ila mama alizoea kungoja uje umsomee.

Simu yake unayo wewe. Sitaki kitu kingine katika vitu vyake, gawaneni. Iwashe tu, tafuta ujumbe wangu wa Jumanne, uniambie kama ulikuwa umefunguliwa.