Kwa wajukuu zangu mnaosomea ubongo

Assalaam alaykum wanangu, mliopo Tunguu, Dar es Salaam na ng'ambo.

Nimesikia baadhi yenu mliotoka Pemba na Unguja mnataka kuingia katika utafiti wa maradhi ya kusahau, yale ya Alzheimer. Mimi ni muuguzi mstaafu, nakaa Wete, maabara zenu sizijui. Lakini mgonjwa mmoja wa maradhi hayo namjua sana: kaka yangu, Mungu amrehemu, niliyemuuguza miaka 9 nyumbani kwangu.

Alikuwa karani wa kupima karafuu. Wachumaji wanapanga foleni na vikapu vyao, yeye anapima pishi, anahesabu kwa kichwa, hakosei. Msimu mmoja akaanza kumlipa mtu mmoja mara mbili. Tukacheka. Halafu ikawa kila magharibi ikikaribia anavaa kofia, anasimama mlangoni: "Nataka kwetu." Na kwao ndiko huko huko. Hospitali tuliyompeleka wakasema ni uzee tu. Jirani akasema kachezewa. Na mimi, mwenye sare ya uuguzi miaka 30, nilikosea kuliko wote. Akimuulizia mkewe nilikuwa nikimwambia, "Kaka, wifi alikwisha kufa." Basi alilia kama ndiyo kwanza anapewa habari, na kesho tena, na keshokutwa. Nilichelewa mno kujifunza kusema "katoka kidogo" na kumsogezea ungo wa karafuu achambue. Mikono haikusahau: vikonyo huku, karafuu huku. Baadaye ndipo nikafahamu kwamba mara nyingi maradhi haya hushika mapema hipokampasi, sehemu ya ubongo inayopokea mambo mapya. Chakula cha mchana kilimpotea; Yasini aliyoihifadhi chuoni akiwa mtoto alibaki nayo muda mrefu.

Sasa nililokusudia. Kabla hamjaomba fedha za mashine, yasomeni maisha ya Francisco Lopera wa Kolombia, aliyefariki Septemba 2024. Miaka ya 1980, akiwa daktari kijana jimbo la Antioquia, alimpokea mgonjwa wa miaka arobaini na kitu aliyekuwa akipoteza kumbukumbu, na baba yake na ndugu zake yaliwapata hayo hayo. Mwingine angeandika dawa ya usingizi akaita "anayefuata". Lopera akafunga safari mpaka vijijini, akaketi na watu, akauliza nani kazaliwa na nani, akapekua madaftari ya makanisa, akachora nasaba ambayo mwisho ilifika watu wapatao 6,000. Wenyeji wakiyaita maradhi hayo "la bobera", upumbavu, na wengine waliamini unayapata kwa kugusa mti fulani. Si sisi tu, basi! Na nchi ilikuwa vitani. Muuguzi wake mmoja aliwahi kutekwa na wapiganaji wa msituni, lakini kazi haikusimama.

Kwa nasaba ile, miaka ya 1990 ikajulikana hitilafu iliyoko katika jeni moja, presenilini 1 (hapa kwetu litamkeni vizuri neno "jeni", mtu asisikie jini). Anayeirithi huanza kusahau katika miaka yake ya arobaini. Wakaijaribu dawa kwa watu wa koo zile kabla hawajaugua. Mwaka 2022 majibu yakatoka kwamba haikuzuia maradhi, wakayatangaza hivyo hivyo. Hapo ndipo nataka mtulie. Miaka arobaini ya kazi na dawa hakuna, na bado mtu anakaribishwa chai katika nyumba zile. Mwaka 2019 ikachapishwa habari ya mwanamke mmoja wa koo hizo aliyefika miaka ya sabini akili yake ikiwa nzima, na watafiti wakaona huenda ni hitilafu nyingine adimu iliyomkinga. Nani angemwona mwanamke huyo kama hakuna aliyekuwa akirudi?

Kwa hiyo mkija Mtambwe au Konde na sindano zenu, msichukue damu mkapotea. Elezeni mnachotaka, ombeni ruhusa, na majibu rudini nayo, hata yakiwa hamna kitu. Msiahidi dawa. Na ulizeni watu wanayaitaje maradhi hayo, maana "amerudi utotoni" ndani yake mna dalili nyingi, mkisikiliza.

Alois Alzheimer mwenyewe alianza hivyo, Frankfurt, mwaka 1901. Alimuuliza mgonjwa jina lake, akasema Auguste. Jina la mumeo? Auguste. Akayaandika. Faili lile lilipotea, likaja kuonekana miaka ya 1990.

Mimi pia niliandika. Daftari la skuli, kurasa mbili mbili: tarehe, alichosahau, alichokumbuka, kama alilala. Limo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Watoto wa kaka wameridhia lisomwe. Hati yangu mbaya, mengi niliyaandika usiku kwa taa ya chemni. Mkishindwa kuisoma niulizeni, maadamu ningali nakumbuka.