Rehema mwanangu, nimemaliza kitabu cha yule rubani

Morogoro, Jumapili jioni

Mwanangu Rehema,

Marahaba, mama. Shikamoo yako ya kwenye simu ilinikuta chini ya gari, ndiyo maana sikusema mengi. Lakini nisikudanganye, hata ningekuwa nimekaa kitini nisingesema mengi. Uliposema unataka kuacha ufundi wa ndege ukasomee urubani kwa sababu "fundi haonekani", nilikuwa na maneno makali mdomoni nikaona niyameze kwanza. Wiki tatu zimepita. Yaliyobaki ndiyo haya.

Ulinitumia kile kitabu ukasema, "Baba soma, utanielewa." Nimesoma chote, kwenye simu, saa za mchana vijana wakila, na usiku umeme ukikatika. Kioo sasa kina alama za vidole vya grisi ambazo mama yako amezisugua mpaka amechoka. Kiingereza changu unakijua, nilijifunzia kwenye vitabu vya injini. Ukurasa wa gia boksi naumaliza bila kamusi, ila Mwingereza akianza kusifia machweo ananiacha njiani. Bahati nzuri huyu James McCudden, rubani wa Kiingereza wa Vita vya Kwanza vya Dunia, hana machweo mengi. Anaandika kama mtu anayejaza daftari la gereji: tumeruka saa fulani, tumefika futi kadhaa, bunduki imekwama, nimeshuka, nimeitengeneza, nimepanda tena.

Najua ulitaka nione zile ndege 57 alizotungua na nishani ya Victoria Cross aliyopewa mwaka 1918. Nimeziona. Lakini mimi nilinasa mwanzoni kabisa, pale anapoingia jeshini mwaka 1910, mtoto wa miaka 15, mpiga tarumbeta. Mwaka 1913 anahamia kikosi cha ndege. Anahamia kufanya nini? Ufundi! Na siku zake za mwanzo tu pale Farnborough, Uingereza, anazungusha pangaboi la ndege kwa mkono, injini inawaka ghafla, ndege inaondoka yenyewe bila mtu ndani na kwenda kuvamia nyingine iliyoegeshwa. Wakamtia ndani siku saba na kumkata mshahara wa wiki mbili. Nilicheka mpaka yule kijana wangu mpya akatoka shimoni kuuliza kuna nini. Nilipomsimulia hakucheka sana, maana wiki iliyopita aliwasha Canter ikiwa kwenye gia.

Vita vilipoanza Agosti 1914 akapelekwa Ufaransa akiwa bado fundi. Huku na huku akapandishwa ndege kama mtazamaji, yule wa kukaa na bunduki na kuangalia maadui, na mwaka 1916 ndipo akawa rubani. Kwa hiyo kabla hajashika usukani alikuwa ameshafungua injini na kuzifunga miaka yote hiyo.

Halafu zilikuwa ndege gani! Mbao, waya na kitambaa kilichopakwa dawa kikakakamaa kama ngozi ya ngoma. Unajua kwamba sisi wa Rufiji tulikuwa na zetu? Mwaka 1915 Waingereza walileta ndege kuitafuta manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha kwenye delta, karibu kabisa na alikozaliwa bibi yako. Za kwanza zilishindwa na joto letu, gundi ikalegea. Zilizoweza zikarukia Mafia. Tarehe 11 Julai mojawapo ilipigwa ikiwa angani inaelekeza mizinga ya meli za Waingereza, na wale wawili ndani, huku wanaporomoka bila injini, wakaendelea kutuma ishara za kurekebisha shabaha mpaka wakatua majini. Wakaokolewa. Huyo si McCudden, nimechepuka tu, lakini kila nikisoma habari za ndege za zamani hizo ndizo zinanijia.

Turudi kwake. Agosti 1917 akapewa kuongoza kundi katika Skwadroni ya 56, na ndege ya SE5a, injini ya silinda nane ya kupoza kwa maji. Rubani mwingine angeipokea, akasema asante, akaruka. Yeye alikaa nayo. Bunduki zake alizikagua mwenyewe, risasi mwenyewe. Majira ya baridi yalipofika akatafuta pistoni za kupandisha kompresheni, ule mgandamizo ndani ya silinda, ili injini ipate nguvu ya kufika juu zaidi, akazifunga, kwa sababu Wajerumani walikuwa na ndege ya watu wawili, Rumpler, iliyopita juu sana kupiga picha, kama mita 6,000, na Waingereza wengi walikuwa wanaitazama tu kwa chini. Hata kile kikombe cha mbele cha pangaboi alikitoa kwenye ndege ya adui aliyoitungua, akakipaka rangi nyekundu, akakifunga kwenye yake. Spea mtumba, mwanangu! Nilipofika hapo nikajisemea huyu ningemwajiri bila kumwuliza cheti.

Huko juu alikuwa anakaa kifua wazi, kwa maana ya ndege isiyo na paa, bila oksijeni, kwenye baridi ya kugandisha mafuta ya bunduki. Akishuka, damu ikianza kurudi kwenye vidole, maumivu yake anayaeleza mpaka unakunja mikono yako. Wala hawakuwa na parachuti. Waliokuwa wananing'inia kwenye maputo ya kuchungulia walipewa. Marubani wa Kiingereza hawakupewa. Ndege ikiwaka moto ulikuwa unachagua kuungua au kuruka.

Sasa lile jambo la pili, ambalo sijui kama ulilitazama. Mtu huyu alikuwa mwindaji. Hakuwa anakimbilia vurugu. Alivizia ile ndege ya watu wawili, akaja kwa nyuma na chini, pale mkia unapomziba mpiga bunduki, akasogea karibu, akapiga. Tarehe 23 Desemba 1917 aliangusha nne siku moja. Anahesabu kwa utulivu ambao ulinichukiza kidogo, nikaweka simu chini siku mbili. Nilipoirudia nikakuta mahali anakiri kwamba hapendi kumpiga mtu ambaye hajamwona, japo ndiyo njia yake mwenyewe anayoifundisha. Anasema inapingana na kile kidogo cha uungwana wa mchezo kilichombakia. Ona, hasemi uungwana wake. Anasema kilichobaki. Alikuwa na miaka 22.

Na kuna ile jioni ya tarehe 23 Septemba 1917, Ubelgiji. Nimeisoma mara nne. Mjerumani mmoja, Werner Voss, kwenye ndege ndogo ya mabawa matatu yaliyopangwa kama rafu za kabati, anazingirwa na ndege saba za Skwadroni ya 56. Angeweza kukimbia. Hakukimbia. Dakika kumi anazunguka katikati yao, kila anayemlenga anakuta ameshageuka na yeye ndiye analengwa, na kadhaa kati yao walirudi kambini ndege zimetobolewa. Mwishoni akapigwa na kijana Arthur Rhys Davids. McCudden alikuwa anaangalia kutoka juu. Anasema ile ndege ilipogonga chini ilikuwa kama imegeuka unga.

Usiku mezani wanampongeza yule kijana. Naye anamwambia McCudden kwamba laiti angeweza kumshusha yule mtu akiwa hai. McCudden anaandika kwamba hata yeye aliwaza hivyohivyo. Voss alikuwa na miaka 20. Rhys Davids alibakiza siku tatu kuitimiza 20, na mwezi mmoja baadaye naye akauawa. Wewe una 21, na bado unanipigia simu kuniuliza wali unawekwa maji kiasi gani.

Kwao walikuwa ndugu watatu marubani. Kaka yake alikufa mwaka 1915 kwa ajali ya ndege hukohuko Uingereza. Mdogo wake akaangushwa Ufaransa Machi 1918. Nilimsomea mama yako kipande hicho, akauliza tu, "Na mama yao?" Akaenda kufunga kuku.

Sasa ngoja nikuambie kitu ambacho hata mama yako hakijui. Mwaka 1999, hujazaliwa, nilikuwa nafanya kazi gereji ya mtu. Ililetwa Hiace ya abiria, breki za nyuma. Nikabadilisha paipu, nikaifunga nati kwa vidole, nikasema nikirudi kutoka kula nitaipiga spana. Niliporudi nikakuta tajiri ameshaitoa gari, mwenyewe alikuwa na haraka. Ningeweza kumfukuza dereva na baiskeli, stendi ilikuwa karibu. Nikajisemea itakuwa nilishaikaza. Alasiri hiyo, kwenye mteremko, breki zikaingia mpaka chini bila kushika. Dereva alikuwa mzoefu, akaitumbukiza kwenye rundo la mchanga wa ujenzi. Mama mmoja alivunjika mkono. Gari ilipovutwa kurudi gereji, tajiri akatazama akasema paipu yenyewe ilikuwa feki. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na kitambaa mkononi. Sikusema neno. Mpaka leo sijasema, ndiyo nakuandikia wewe.

Kwa hiyo unaponiambia fundi haonekani, unasema kweli kuliko unavyojua. Mimi sikuonekana. Nati yangu ilimvunja mtu mkono na jina langu halikutajwa. McCudden hakuwa na mahali pa kujificha namna hiyo, alikuwa anazikalia nati zake mwenyewe. Akiifunga vibaya, anakwenda nayo juu. Nadhani hicho ndicho nilichokipenda kwake kuliko ndege 57.

Alikufa tarehe 9 Julai 1918, na hakuna Mjerumani aliyemgusa. Alikuwa anatoka Uingereza na ndege nyingine, mpya, kwenda kuchukua uongozi wa Skwadroni ya 60. Akatua Auxi-le-Château, Ufaransa, akaondoka tena, injini ikasumbua akiwa hajapanda hata kidogo, akaanguka msituni. Miaka 23. Kitabu chake kilitoka yeye ameshazikwa. Ile ndege aliyoijua pistoni kwa pistoni haikuwa hiyo.

Urubani sikukatazi. Ada yake nimeulizia, na mtu aliyenitajia alinitajia amekaa kabisa, akaniambia na mimi nikae. Kiwanja chetu cha Kihonda kipo, tutakaa na mama yako tukitazame. Ninachotaka kwanza umalize hicho cheti cha ufundi, miezi kumi na moja iliyobaki, ukiwa na hasira au bila hasira. Na yule mwalimu uliyelalamika kwamba anakurudisha ufungue upya kazi ambayo umeshaisaini, usimjibu kwa kukunja uso. Mimi sikuwa na mtu wa namna hiyo mwaka 1999.

Halafu nina swali, limeninyima usingizi na vijana hapa hawalijui. Zile pistoni alizofunga. Ukipandisha kompresheni kwa petroli duni ya wakati ule, injini si ilitakiwa igonge mpaka ijipasue? Mimi nawaza kwamba huko juu hewa ni nyembamba, silinda inavuta kidogo, kwa hiyo inavumilia, ila akiwa chini lazima asikanyage mafuta mpaka mwisho. Kama ni hivyo, alikuwa anapaa vipi na mzigo wa bunduki mbili? Muulize huyohuyo mwalimu wako, unipigie Jumatano baada ya saa mbili usiku, nitakuwa nimeshanawa.

Mama yako anakusalimu, anasema wali ni vikombe viwili kwa kimoja.

Baba yako