Mpira umehamia kwenye programu, tunalipa mara tatu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini. Ligi ya ng'ambo niliyozoea kuitazama kwa king'amuzi, msimu huu mechi zake nyingi zimehamishiwa kwenye programu ya intaneti. Kifurushi cha king'amuzi bado nalipia, cha programu nalipia, halafu bando. Mechi moja kwa picha safi inakula GB kadhaa. Ukishusha ubora, namba za mgongoni huzisomi.

Kinachoudhi zaidi ni kuchelewa. Matangazo ya intaneti huja nyuma ya yale ya setilaiti, wakati mwingine kwa nusu dakika au zaidi. Kwa hiyo mechi ikionyeshwa kotekote, kibanda umiza cha jirani wanashangilia goli huku kwangu kona haijapigwa!

Hata Wafaransa yamewakuta. Ligi yao ilikwenda DAZN, huduma ya kuonyesha michezo kwa intaneti, mwaka 2024, mkataba ukavunjika baada ya msimu mmoja, 2025 ikaanzisha huduma yake, Ligue 1+. Shabiki kazi yake kujisajili upya.

Wenye haki za matangazo watuuzie basi mechi mojamoja, kama tunavyolipa mlangoni pale kibandani.

Mpenda soka,
Temeke, Dar es Salaam