Usiku Mbingu Ilipogeuka Nyekundu

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, ila nina jambo ambalo ujumbe wa simu hauwezi kulibeba.

Niliiona aurora, ule mwanga wa rangi unaowaka angani usiku, usiku wa Mei 10, 2024. Jirani aliniamsha, nikatoka na shuka mabegani. Mwanzoni ilikuwa kama wingu jembamba, jeupe. Macho yalipozoea giza, wingu likawa pazia la kijani linalopepea taratibu, na juu yake wekundu uliotanda hadi utosini. Kamera ilinasa rangi kali kuliko nilizoziona mimi, kwa hiyo usizipime kwa picha nilizokuwekea humu. Kilichonitoa machozi hakimo pichani: ule mwendo, na ukimya wake.

Baadaye nilisoma, maana sikuweza kuliacha hivihivi. Kundi la madoa kwenye jua, lenye upana wa dunia kama 15 zikipangwa mstari mmoja, lilikuwa limeturushia mawingu ya chembe zenye umeme, moja baada ya jingine. Dhoruba hiyo ya jua ikafika daraja la juu kabisa, mara ya kwanza tangu Oktoba 2003. Kijani na wekundu vyote ni oksijeni: kijani huwaka kwenye kimo cha kilomita 100 na ushee, wekundu juu zaidi ya 200.

Usiku huohuo, huko Marekani, wakulima waliokuwa katikati ya kupanda walilazimika kusimamisha matrekta yanayoongozwa na GPS, kwa kuwa mawimbi ya setilaiti yalikuwa yakiyumbishwa angani. Hilo lilinishtua. Pazia lile nililolitazama kwa raha ndilo lililokuwa likivuruga mashine za watu.

Dhoruba kama hiyo ikitikisa sumaku ya dunia, nyaya ndefu huzaa umeme zenyewe. Mwaka 1989 gridi ya umeme ya Quebec, Kanada, ilianguka ndani ya dakika mbili, watu milioni sita wakakaa gizani kwa saa kadhaa. Ila kisa nikipendacho ni cha 1859: waendesha telegrafu, mtambo wa zamani wa kutuma ujumbe kwa waya, wa Boston na Portland huko Marekani walitenga betri zao, wakazungumza kama saa mbili kwa umeme wa aurora pekee! Hebu fikiria, mbingu ikibeba maneno yao.

Ukisikia tena tahadhari ya dhoruba ya jua, nipigie hata kama ni usiku wa manane. Na ile picha iliyotikisika usiitupe. Ndiyo ya kwanza niliyopiga.

Ni mimi,
rafiki yako wa siku zote