Mwanangu, Hizo Pointi Ni za Watu

Tanga, Jumapili usiku

Mwanangu Rajabu,

Assalaam alaykum. Mdogo wako kanisomea ujumbe wako mara mbili. Umeacha kazi, wanachama wa ile huduma yako ya kujibu maswali ya matangazo kwa pointi wamefika 800, na unataka nikukopee milioni mbili kwenye saccos. Nimefurahi, nisiseme uongo. Jana msibani nimekutambia mpaka shangazi yako akanikanyaga mguu. Wengi hawakuelewa inakuwaje mtu apewe vocha kwa kujibu maswali kwenye simu. Hata mimi nimeelewa baada ya kushika kalamu.

Nimepiga hesabu nyuma ya kalenda. Watu 800, kila mmoja ana pointi kama 1,500, na pointi moja umeifanya shilingi moja. Hiyo ni milioni 1.2. Wewe unasema akaunti ina laki tisa. Mwenye tangazo anakulipa baada ya siku 60, na wanachama wanataka kubadili pointi kuwa vocha leo. Sasa hizo laki tisa ni zako kivipi?

Usiniambie theluthi yao hawatadai. Mtoto akiacha chenji ya mia dukani kwangu, anarudi baada ya wiki mbili kashikwa mkono na mama yake. Na wakisikia fununu tu kwamba unasuasua, watadai wote siku moja.

Fungua laini nyingine, na isikae kwenye simu unayotembea nayo. Kila jioni hesabu pointi ulizotoa, hela yake ihamie huko pamoja na makato ya kutuma. Makato usiyadharau, tozo za miamala ya simu za 2021 zilitutoa jasho hapa kwa wakala. Tangazo likikupa 50 kwa jibu moja, usigawe 45. Bando na seva nani atalipa? Yule aliyejiunga kwa namba sita za simu mfungie sasa, asije akafungiwa keshachukua. Na hiyo ya kumpa mtu pointi 500 akileta mwenzake iache kwanza: aliyeletwa hajajibu hata swali moja, tayari unadaiwa. Baba yako akisikia habari za kuleta watu anakumbuka ule mchezo wa DECI wa 2009, wa kupanda hela kama mbegu ukingoja kuvuna, anatoka nje.

VAT acha kunitishia, hiyo ni ya mauzo ya milioni 200 kwa mwaka. Lakini TIN, namba ya mlipa kodi, umechukua? Ulisema wiki ijayo, tangu Ramadhani.

Akili ya hesabu unayo, tena kunizidi. Ninachoogopa ni mkono. Hela ya watu ikikaa karibu inaanza kufanana na yako. Unajikopesha elfu kumi ya nauli, unasema Ijumaa nitarudisha. Mwaka ule wa ada yako ya kidato cha tano mimi ndiye niliyekuwa kijumbe wa upatu. Zamu ya mama wa nyumba ya tatu ilifika, na mimi sina. Cherehani haikuharibika, baba. Usimwulize baba yako, naye aliambiwa imeharibika.

Kwa hiyo saccos nitakukopea milioni moja, si mbili, na iende kwenye laini ya pointi. Kama unataka simu mpya, jilipe mshahara, hata laki na nusu kwa mwezi, uisubiri humo humo. Kila Jumamosi nitumie picha ya hesabu mbili tu: unadaiwa ngapi, na laini ile ina ngapi. Usiponitumia nitajua.

Bati la jikoni limeng'oka kwa upepo, tumeliwekea tofali. Kuku wa kienyeji wamebaki wanne, kicheche kapita. Mdogo wako anasema hataki tena kusomea ualimu, anataka kufanya kazi kwako. Usimkubalie kabla hatujaongea.

Ukija Idi lete chaja ya baba yako. Ile uliyoleta haiingii, tundu la simu yake ni lile la zamani.

Mama yako