Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, pamoja na Maelezo Kuhusu Jimbo la Mashariki

Ndugu wanachama,

Salaam kwenu nyote, mliohudhuria na mnaosomaga tu kwenye grupu bila kusema kitu. Katiba ya chama chetu cha waandishi wa fantasia, yaani hadithi za dunia za kubuni, inanitaka nitoe taarifa kila mwisho wa mwaka na hii ndo yenyewe.

Ya kawaida niyapitie haraka. Vikao vya mwezi vilifanyika isipokuwa vile viwili vya Ramadhani, semina ya uandishi ilifanyika japo mtandao ulisumbua, ramani ya himaya yetu ya kufikirika imechorwa upya na ipo kwenye grupu, waliofiwa tuliwafariji na mwenzetu aliyeoa tulimchangia. Hayo mnayajua.

Sasa nije kwenye jimbo la mashariki, maana ndo lilileta maneno mwaka mzima na mimi ndo niliyesemwa.

Kwa waliojiunga karibuni, himaya yetu ya kufikirika tumeiandika pamoja kwa miaka, kila mtu na kipande chake. Magharibi kuna wafalme na makasri na wachawi wa mnara, kusini kuna mabaharia na majini yao, lakini mashariki kule mbali tuliandika neno moja tu kwenye ramani, mashamba. Himaya nzima inakula, jeshi linakula, na hakuna aliyewahi kuuliza chakula kinatoka wapi. Mwezi wa tatu nikaleta hoja kwamba mwaka huu tuandike historia ya jimbo hilo, na hilo wote mlikubali. Ugomvi ukaja kwenye historia yenyewe iweje. Kundi moja likataka ianze na vita vya majoka, kijana anatoka shambani, anapata upanga, anaikomboa nchi. Mimi nikataka ianze na mahindi, nani alilima, alimlimia nani, na waliokuwepo kabla yake walipelekwa wapi. Kura zikagongana tano kwa tano, na katiba iko wazi, zikigongana mwenyekiti anaamua. Nikaamua. Toka siku hiyo nimeitwa dikteta, na kuna mtu kaandika saa saba usiku kwamba mwenyekiti kaiua fantasia. Naomba nijibu hapa, maana kwenye meseji mtu hasomi mpaka mwisho.

Hoja yangu sikuiota. Kuna bonde linaitwa Cochabamba, leo liko Bolivia kule Amerika Kusini, mita kama 2,500 juu ya usawa wa bahari. Enzi za himaya ya Inka, iliyotawala huko kabla ya Wahispania, lilikuwa pembezoni, makao makuu yako Cuzco mbali sana, na katikati kuna nyanda za juu za baridi, karibu mita 3,800, ambako mahindi hayastawi vizuri, watu wanalima viazi na kufuga llama, mnyama wao wa mizigo. Lakini jeshi linataka mahindi, na kila shughuli ya kifalme inataka pombe ya mahindi, mtawala wa kule akiita watu kazini lazima awalishe na awanyweshe. Ndo mfalme Huayna Capac, aliyetawala mpaka miaka ya 1520, akalichukua bonde. Wenyeji wengi akawaondoa, baadhi wakapelekwa mashariki zaidi kulinda mpaka dhidi ya Wachiriguano, watu wa nje ya himaya, na mahali pao akaleta watu wapatao 14,000 wa makabila mbalimbali, wengine wahamie jumla, wengine waje kwa zamu kulima na kuvuna halafu warudi kwao. Mashamba yakakatwa vipande virefu kuvuka bonde, kila kabila likapewa chake, na mavuno karibu yote ni ya serikali, vipande vichache tu ndo vya kuwalisha wakulima na machifu wao.

Halafu maghala, na hapa wanaosema jimbo la wakulima halina maajabu naomba wasome polepole. Pale Cotapachi, kwenye bonde hilohilo, kwenye mteremko wa kilima, yalijengwa maghala ya mviringo kama 2,400, safu kwa safu, yamepangwa sehemu inayopitisha upepo ili nafaka isioze. Mahindi yanapakiwa kwenye llama, na llama mmoja habebi zaidi ya kilo thelathini hivi, yaani gunia letu moja la kilo mia linataka wanyama wanne, yanapanda milima kwenda Paria, kituo cha Wainka kwenye nyanda za juu, mpaka Cuzco. Na hesabu yote imefungwa kwenye mafundo ya kamba, quipu, bila kalamu wala karatasi. Karani anapapasa kamba anakuambia kilichoingia na kilichotoka. Mimi nasema hiyo inatosha kabisa kwa fantasia, tena ina uzito kuliko upanga unaowaka moto, kwa sababu kweli watu waliishi hivyo.

Kuna ndugu zetu walisema kama ni mashamba ya kale kwa nini tuende mpaka Amerika Kusini wakati tuna Engaruka hapa hapa. Hoja nzuri na niliisikiliza. Engaruka pale chini ya nyanda za Ngorongoro kuna mifereji ya mawe na matuta ya mashamba ambayo watu waliyalima kuanzia karne ya 15 hivi mpaka ya 18 wakaondoka, ni fahari yetu, na mifereji ya jimbo letu nimeomba ichorwe kwa mfano wake. Lakini Engaruka haijulikani kuwa na mfalme wa mbali aliyeitoza kodi. Walilima wale wenyewe. Sisi tunaandika jimbo la himaya, tunataka kuona mkono wa mji mkuu ukiingia mpaka kwenye ghala la mtu, na hilo liko Cochabamba.

Wa mwisho ni wale waliosema hakuna vita hakuna hadithi. Jamani. Wahispania walipoivunja ile himaya kuanzia 1532, wafanyakazi wengi wa zamu wakaacha vipande vyao wakarudi kwao, wengine wakabaki. Kufika miaka ya 1550 bonde limeingia mahakamani. Nani mwenye ardhi, aliyefukuzwa na Huayna Capac, aliyeletwa kulima, chifu aliyegawiwa kipande, au Mhispania aliyekuja juzi? Wazee wakaitwa kutoa ushahidi wa nani alilima wapi, na ni kwa sababu ya kesi hizo leo tunajua habari za wale watu 14,000. Na kabla ya kesi hizo, mwaka 1545, madini ya fedha yaligunduliwa Potosí, mji wa baridi kali usio na mashamba, na bonde lilelile likaanza kulisha wachimbaji. Anayeona hapo hakuna hadithi sijui anatafuta nini. Na majoka hayakufutwa kama inavyosemwa, yapo milimani, anayetaka aandike mkulima aliyechomewa mavuno na joka na bado anadaiwa kodi yake ya ghala.

Matokeo ya uamuzi wangu mnayo. Tumepata hadithi kumi na moja za jimbo hilo, ambazo ni nyingi kuliko mwaka wowote. Dada yetu wa Mwanza kaandika mama wa ukoo uliohamishwa anayerudi kwa zamu kwenye shamba lilelile alilozaliwa, msimamizi anamwonyesha kwa fimbo kipande chake kinapoanzia, na yeye kabla hajaambiwa ameshakanyaga udongo pale mfereji unapovuja, kwa sababu toka mtoto anapajua. Nimesoma hadithi nyingi za chama hiki na hiyo naiweka juu. Isingeandikwa kama tungeanza na upanga, na hilo nalisema wazi kwa sababu kuna watu wanaisifu hadithi huku wanaulaani uamuzi ulioizaa.

Mahudhurio sasa. Tuko wanachama 43. Mkutano mkuu walikuja 9. Hao 9 ndo waliofanya kazi, na wanaolalamika kwamba waliamuliwa mambo wengi wao hawakuwepo mwezi wa tatu, hawakuwepo Juni, na hata linki ya zumu hawakuifungua. Kura iligongana tano kwa tano kwenye chama cha watu 43! Mngekuja, mwenyekiti asingehitajika kuamua.

Ada ni shilingi 20,000 kwa mwaka. Waliomaliza ni 14, waliolipa nusu ni 6, waliobaki hawajatoa hata mia. Tumekusanya 340,000 badala ya 860,000. Tovuti na zumu zimekula 210,000, rambirambi na harusi 150,000, mchora ramani 90,000. Jumla 450,000, kwa hiyo tumepungukiwa 110,000 na hiyo nimeitoa mfukoni mwangu, mhazini ni shahidi, na sijaidai. Karatasi zote za Cochabamba pia nimezitafuta na kuzifupisha kwa Kiswahili mimi mwenyewe, usiku, baada ya kazi, ili kila mwanachama asome bure. Sisemi ili nishukuriwe, nasema ili anayeuliza mwenyekiti anafanya nini ajue.

Mwaka ujao tunatarajia kukusanya hadithi za jimbo tuzitoe kama kitabu, tukipata mfadhili, na pengine kuwe na shindano dogo la vijana wa shule, tutaangalia. Kuna wazo pia la kuandika jimbo la wavuvi, halijajadiliwa vizuri, wenye mawazo waandikie kamati.

Uchaguzi ni mwezi wa pili Mungu akipenda. Nafasi zote ziko wazi pamoja na yangu, fomu anazo katibu, na kwa mujibu wa katiba asiyelipa ada hapigi kura wala hagombei. Namba ya mhazini haijabadilika.

Mwenyekiti wenu.